Sare Namba 212

Utatazama pembeni. Nakujua. Ulitazama pembeni kiwanda cha vigae vya asbesto kilipokuwa kinatema vumbi jeupe hadi ndani ya vikombe vya chai, na utatazama pembeni hata katika ukurasa huu mmoja, mchana kweupe, kila kitu kikiwa kimewekwa mbele ya macho yako.

Chumba cha kuandikisha wagonjwa ni kidogo. Meza, mizani, benchi, dirisha lisilofunguka. Ukutani pana bango lenye picha ya kikongwe anayetabasamu: mambo yanayowaongezea wazee hatari ya kufa kwa saratani. Umri. Sigara. Pombe. Unene. Kukaa bila mazoezi. Vumbi halimo. Bango lilichapishwa na kiwanda.

Mume na mke waliingia saa tano na nusu. Mara mbili walikuwa wamerudishwa mlangoni, eti karatasi hazijakamilika. Safari hii mume alitangulia, kadi ya kazi mkononi, shati limembana tumboni. Mke alifuata taratibu na mfuko wa plastiki, akaketi kwenye benchi. Saa sita orodha ingefungwa. Aliye ndani ya orodha angepelekwa hospitali kubwa Jumatatu kutibiwa. Aliye nje angerudi nyumbani na pole.

Karani alivaa barakoa. Aliinakili kadi bila kuinua kichwa.

"Namba 212. Kitengo cha kukata. Wewe ndiye waliyekuwa wanamwita Msumeno?"

"Waliniita mengi, mwanangu."

"Umri?"

"Sabini na mmoja," mke alijibu kutoka kwenye benchi.

"Kadi inasema sabini na nne."

"Kadi ni kadi," alisema mume.

Karani alicheka puani. "Nyie wazee na miaka yenu. Kila mtu ana umri wa kazini na umri wa nyumbani." Akaandika sabini na nne.

"Sigara?"

"Hata moja," alisema mume.

"Labda moshi wa kuni," alisema mke.

"Mama, tulia kidogo, namhoji mzee. Pombe?"

"Hata kunusa."

"Uzito umepungua?"

"Kilo kumi na moja, tangu mvua zianze."

Kalamu iliandika kumi na moja. Macho hayakutoka kwenye karatasi.

"Miaka ya vumbi?"

"Thelathini na mmoja."

Kikohozi kikavu kilijaa chumbani, kikaenda, kikarudi, kikaisha chenyewe kwa kukosa pumzi.

"Pole, mzee," alisema karani, bado anaandika.

"Asante."

"Sare ya kazi mmekuja nayo? Lazima niione. Watu wanadanganya siku hizi."

Mke alifungua mfuko, akaitoa. Imekunjwa vizuri, pasi imepita hadi kwenye kola, namba 212 kifuani. Hakumpa karani moja kwa moja. Kwa mazoea aligeukia mlango, akaikung'uta mara mbili kwa nguvu, kichwa amekirudisha nyuma na macho ameyafumba. Ndipo akaiweka mezani. Karani akaivuta barakoa yake juu zaidi.

Kiwanda kiliwahi kuwa na dobi wake. Wakamwachisha kazi. Tangazo lilikuwa mistari miwili, nami nalikumbuka neno kwa neno: sare ziende nyumbani Ijumaa, zirudi Jumatatu zikiwa safi. Hawakuandika kwamba vumbi lile likilowa huganda kama saruji, kwamba lazima likung'utwe kavu kwanza. Hilo watu walijifunza wenyewe. Aliyetia sahihi tangazo lile alikufa kwa uzee kitandani mwake, mapafu safi.

Mume alitoa bahasha. Karani aliichomoa picha ya kifua, akaiinua dirishani. Jina lilikuwa pembeni, kwa herufi ndogo. Hakulisoma. Alitazama mapafu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka.

"Mzee. Mbona mmechelewa hivi?"

"Tulikuja mara mbili."

"Mlinzi wa mlangoni huyo, ana matatizo." Aliitazama saa ya ukutani. Saa sita kasoro dakika saba. Akausogeza muhuri karibu. "Haya, imebaki mizani tu, nikugongee. Vua viatu, panda."

Mume hakuinuka. Alikuwa anaitazama sare pale mezani, kama mtu anayetazama ukuta.

Mke alivua ndala, akazipanga sawasawa chini ya benchi, akapanda. Mshale ulisogea kidogo, ukasimama kwenye thelathini na tisa.

"Mama, shuka," alisema karani. "Hii ni ya waliofanya kazi kiwandani tu. Wewe kazi yako pale ilikuwa ipi?"

"Kufua," alisema mgonjwa.

Zimebaki dakika nne na kalamu iko hewani. Nawe uliyemtazama mume ukurasa mzima, geuza shingo sasa hivi, mtazame aliye juu ya mizani, umwambie karani aandike.