Kasia la Ngiri

Ngiri aliamini hapana mnyama mwenye kifua kama chake. Katika mashindano ya makasia ya nchi zote, alipangwa mtumbwi mmoja na Fungo mpole, kila mmoja na kasia lake, huyu kushoto, yule kulia, bila nahodha.

Kipenga kilipolia, Ngiri alivuta kwa nguvu zake zote. Mtumbwi ukazunguka palepale kama pia.

"Vuta, bwana, unatuaibisha," alifoka.

"Navuta, kaka. Ila wewe wavuta kama uko peke yako."

Ngiri akaona haya, akaufuata mkono wa mwenzake. Mtumbwi ukanyooka, lakini wakafika wa mwisho, wengine wamekwisha kuvaa nishani.

"Mlicheleweshwa na nini?" akauliza Swala, mwamuzi.

"Nguvu zangu," akajibu Ngiri. "Laiti ningezaliwa mnyonge kidogo, tungeshinda."