Mama Atakayemleta Mwenyewe

Mzee Luhende, mkuu wa sungusungu, walinzi wa mtaa, alishapuliza filimbi mara mbili, Tatu akamfikia na kuichomoa mdomoni mwake.

"Kwa Katarina hamwendi," akasema.

Wanaume wake walibaki na fimbo zao mkononi, wakitazamana. Ilikuwa siku ya nne tangu Abasi, mtoto wa pekee wa Tatu, achomwe kisu pale uwanjani Ipuli, mpira ulipokwisha na vijana wa mitaa miwili wakavamiana. Alikuwa na miaka kumi na saba. Na mtaa mzima ulishajua nani kafanya: Adriano wa Katarina, aliyekimbilia Puge kwa babu yake kesho yake alfajiri. Aliyemwona akichoma? Hakuna. Lakini asiye na kosa anakimbia nini?

"Mama Abasi," Luhende akasema taratibu, "mwanao yuko udongoni. Tukimpata Adriano atasema."

"Atasema kwa sababu mtampiga. Hata mimi mkinipiga nitasema nimemuua Abasi."

Afande Julieth, polisi kata, alikuwa mkekani pa msiba na kina mama tangu asubuhi, buti zake kaziacha mlangoni. Mwezi uliopita yeye na Luhende walipita nyumba kwa nyumba wakiwaomba wazazi wapekue magodoro ya vijana wao, watafute visu. Wazazi walicheka. Kila mmoja alionyesha nyumba ya jirani.

Safari hii hakuna aliyecheka. Palepale mkekani wakapatana. Mama atakayemleta mwanawe mwenyewe, kabla ya adhana ya alasiri siku ya Ijumaa, sungusungu hawatamgusa mtoto wake. Atakwenda kituoni na Afande kwa miguu yake, sheria ifanye yake. Na nyumba ile haitatengwa. Kutengwa kila mtu anakujua: hupewi moto, hupewi maji, salamu yako haiitikiwi, ukifiwa unachimba kaburi peke yako.

"Na mama huyo atakaa hapa pangu," Tatu akaongeza. "Sitamwuliza kwa nini. Nataka nimjue tu. Mwanangu kauawa na mtu, hakuuawa na upepo."

Patano hilo likatangazwa msikitini, kanisani, na kijiweni kwa bodaboda.

Jumatano hakuja mtu. Alhamisi hakuja mtu. Aliyekuja ni Najiat, jirani wa ukuta kwa ukuta, na birika la chai na habari za mtaa, kama kila siku.

"Shoga, Katarina hatoki ndani! Nguo zake ziko kambani siku ya tatu, hazijaanuliwa. Hiyo si dalili?"

"Dalili ya nini?"

"Ya mtu anayejua. Mimi ningekuwa yeye ningeshamleta. Unamficha muuaji, unampikia na ugali!"

"Kunywa chai, Najiat. Inapoa."

"Nakunywa," akasema Najiat. Hakunywa.

Ijumaa wanaume walitoka msikitini wakaja kukaa uani. Saa tisa ikapita. Afande akatazama saa yake. Tatu hakutoa macho kwenye njia ya kwa Katarina. Njia ilikuwa tupu, kuku tu wanavuka.

"Narudi sasa hivi," Najiat akamnong'oneza, akatoka.

Alirudi amemshika mkono mwanawe Uwesu, vilevile alivyomshika siku ya kumpeleka darasa la kwanza. Kijana alikuwa amemzidi kimo, lakini alifuata.

"Mama Abasi, ni huyu." Akamsogeza mbele. "Nilikuta kisu kwenye debe la unga. Kimeoshwa. Namuuliza hasemi, ananitazama tu. Adriano nilimtaja mimi. Nilimtaja kwa sababu ya huyu."



Tatu aliinuka. Alimfikia Najiat, akamshika mabega, akamkalisha mkekani alivyoahidi. Hakumwuliza kwa nini. Alimtazama Uwesu usoni kwa muda mrefu, mtoto aliyekula kwake futari miaka yote ile, kisha akafumba macho.

"Haya, mwanangu," Afande akamwambia kijana. "Vaa viatu twende."

Hawakufika mlangoni. Katarina alikuwa ameingia, kitenge kimemvuka begani, na Adriano nyuma yake na vumbi la Puge miguuni.

"Msimchukue mtoto wa watu! Ni wangu," akasema Katarina. "Shati lake lilikuwa na damu. Nimelichoma jikoni kwa mikono yangu, na Puge nimempeleka mimi."

Nyuma ya Katarina alikuwa amesimama Recheli muuza maandazi, na vijana wake wawili. "Sijui ni yupi," Recheli akasema, "lakini ni mmoja wao." Nyuma ya Recheli palikuwa na mwingine, na barabarani wengine walikuwa wanakuja, kila mama na wake.

Alasiri ilipoadhiniwa mkeka ulishajaa, wengine wamekaa mchangani. Kina mama kumi na mmoja, wote wanalia, wote wana hakika. Tatu aliwapitia mmoja mmoja kwa macho. Hospitali walimfunulia shuka akaona: jeraha la Abasi lilikuwa moja.

Mzee Luhende akasimama, akajikung'uta kanzu.

"Ningojeni kidogo," akasema. "Nami nikamlete mjukuu wangu."