Mbao za Mzee Wasike

Ubao wa arobaini na mbili ulitoka ukutani Jumatano asubuhi, na Maurice akafurahi kama mtu aliyepandishwa cheo.

Ulikuwa wa mtarakwa, mweusi kwa moshi wa miaka hamsini. Fundi Joash aliuegemeza kwenye ua, akaokota kipande cha mkaa, akaandika 42 pembeni yake. Kisha akapigilia ubao mpya mahali pake.

"Namba ni za nini, fundi?"

"Ni Mama anataka, boss. Mimi naandika tu."

Maurice alitikisa kichwa. Mama yake, Nekoye, alikuwa na miaka sabini na sita, na uzee una mambo yake.

Nyumba yenyewe ilikuwa kichekesho cha mtaa wa Yamumbi. Marehemu baba yake, Mzee Wasike, alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kupasua mbao, na kila alipojaliwa mbao chache alijenga kidogo. Alianza na vyumba viwili. Maurice alipozaliwa, kikaongezwa cha nyuma. Dada zake walipofuata, veranda ikazibwa ikawa chumba chao. Dirisha la jikoni zamani lilikuwa mlango. Mlango wa mbele ulikuwa mfupi kiasi kwamba kila mgeni aliinama, apende asipende. Na katikati ya sebule ilisimama nguzo nene yenye alama za kisu, urefu wa watoto mwaka baada ya mwaka.

Sasa nyumba ilikuwa imebanwa na fleti mbili za ghorofa tano, na Maurice alitaka kusimamisha ya tatu. Ploti ilikuwa kwa jina lake. Kilichomfunga ni mdomo wake mwenyewe. Siku ya kumzika baba, mbele ya Mjomba Mabonga na kanisa zima, aliapa kwamba nyumba ile haitabomolewa maadamu ina ubao wa Mzee Wasike, hata mmoja. Alikuwa akilia, na mtu akilia husema mengi. Lakini kiapo cha kaburini si cha kuchezea, na Mjomba Mabonga hakuwa mtu wa kusahau.

Basi mwaka jana Mama alipolalamika kwamba ubao mmoja umeoza, Maurice aliona njia.

"Usijali, Mama. Nitakubadilishia zote, moja moja."

Alitarajia vita. Mama alimtazama tu, akasema, "Sawa, baba. Lakini hizo za zamani ni zangu."

"Za nini?"

"Kuni."

Maurice alijizuia kucheka. Mama alikuwa na mitungi miwili ya gesi, na ni Maurice mwenyewe aliyemnunulia. Lakini kila jioni boda boda ilikuja, ikafungiwa mbao, ikaondoka ikiyumba. Akadhani anawagawia akina mama wa kanisa. Hata mabati ya zamani yalipotolewa, Mama aliyaomba. Maurice akampa, akajiona mkarimu.

Kilio cha Mama kilikuwa kingine kabisa. "Hapa jua limeisha, Maurice. Hizi fleti zimenifunika. Mahindi yangu nitaanika wapi?"

"Si uanike Chepkoilel?" alimtania. Huko Chepkoilel alikuwa amenunua ploti ya kujenga jumba la ndoto zake, lenye roshani na gereji. Ramani ilikuwa tayari imechorwa. Kwa sasa Mama alilima mahindi pale.

"Ndio nafikiria hivyo," Mama alisema. "Na usiende kunikanyagia mahindi."

Hakwenda. Alikuwa na shughuli nyingi.

Wiki chache baadaye, siku ya Ijumaa, ilibaki nguzo ya katikati tu. Joash alitegemeza paa kwa magogo, akaanza kuilegeza. Maurice aliona alama yake ya miaka saba, na pembeni herufi M aliyoichora baba kwa kisu. Alitaka kusema basi, iacheni, na kwa dakika nzima hakutaka fleti wala chochote. Mama akamshika mkono.

"Wacha itoke, baba," alimwambia kwa upole. "Haiendi mbali."

Maurice alifuta machozi, akafarijika kwamba mama yake ana moyo wa imani.

Jumatatu Mjomba Mabonga alikuja kukagua. Alizunguka nyumba mara mbili, akigonga kila ukuta kwa bakora.

"Hakuna hata mmoja," alisema. "Hapa huna deni na kaburi."

Tingatinga lilimaliza kazi kabla ya chakula cha mchana. Mama alitazama mpaka mwisho. Alikuwa na begi moja tu.

"Kitanda chako je? Kabati?"

"Nimetanguliza."

Maurice alijua ni nyumbani kwake Pioneer, maana mkewe alikuwa ameshatandika chumba cha wageni. Lakini gari lilipofika pa kukatia kuelekea Pioneer, Mama alisema, "Pita. Nipeleke Chepkoilel kwanza nione mahindi." Kwenye kiti cha nyuma, Mjomba Mabonga alishikwa na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Yalianikwa kwenye turubai, yaking'aa kwa jua tele. Nyuma yake, pale pale ramani ilipoonyesha roshani, Fundi Joash alikuwa juu ya ngazi akipigilia bati kuukuu la mwisho. Chini yake kulikuwa na mlango mfupi, na dirisha la jikoni lililowahi kuwa mlango. Kando ya dirisha, kwa mkaa, Maurice alisoma 42.

Mama aliinama, akaingia. "Karibu nyumbani, baba. Chunga kichwa."

Mjomba Mabonga alimwekea mkono begani.

"Hebu nikumbushe, mpwa wangu. Siku ile ya mazishi, uliapa vipi vile?"