Nati za Kukazwa kwa Vidole

"Usitumie spana," msimamizi alisema. "Vidole vinatosha."

Fundi alimtazama kama mtu aliyeambiwa anywe maji kwa uma.

Kona ilikuwa mbele ya karakana yake. Kwa miaka mingi, gari likitumbukia bondeni, yeye ndiye aliyeitwa kwenda kukata milango. Siku moja alikata mlango akamkuta mke wake ndani. Tangu hapo hakupita ofisi ya barabara bila kuingia. Walinzi walishamzoea, wakimwona tu, wanaambiana, "Kona imekuja." Jina likamganda: Mzee Kona.

Sasa fedha za serikali za kurekebisha kona zinazoua zilikuwa zimetoka. Zilitoka kweli, ila kutoka si kufika. Misingi ya zege ilijengwa mwaka juzi, ikakaa na bolti zake ikingoja vyuma vya kingo mpaka ikaota majani. Leo vyuma vimeshushwa, mchana mgeni rasmi anakuja kukata utepe, na Mzee Kona amepewa kibarua cha kuvifunga, apate kufunga na mdomo.

"Vidole, mkuu? Gari likigonga hapa si litaondoka na kingo yote shingoni kama skafu?"

"Leo hakuna la kugonga. Barabara imefungwa kwa ajili ya mgeni."

"Na kesho?"

"Mzee Kona, ulilia vyuma, vyuma hivi hapa. Sasa unataka na kesho?"

Mzee akainama kazini. Rangi nyeupe ya kingo ilikuwa mbichi bado, ikamshika viganjani. Matundu ya bolti yalikuwa na kutu kidogo pembeni, na kwenye miguu ya nguzo kulikuwa na udongo mwekundu, wakati udongo wa bonde lile ni mweusi kama grisi. Hakuhitaji kupiga ramli. Vyuma hivi vimetembea. Leo vinakatiwa utepe hapa, kesho kwa wajinga wengine, kama shela ya kuazima inayozunguka harusi zote za mtaa.

Akakaza kwa vidole, nati moja baada ya nyingine.

Alipokuwa ananawa, binti yake akapiga simu.

"Baba, mkwe wako jioni anashuka na mzigo wa kokoto. Atapita hapo kukusalimu."

"Na ile ndizi yake?" Lori la mkwe lilikuwa na rangi ya ndizi mbivu, na mzee hakuwahi kuliita jina jingine.

"Na hiyohiyo. Breki bado zinamsumbua, tajiri hataki kununua mpya. Bila vile vyuma vya kona ya machimbo kumdaka mwezi uliopita, baba, saa hizi ungekuwa unanilea na wanangu."

"Nyie wa huko mna bahati, mama. Sisi wa huku tunakazwa kwa vidole."

Binti akacheka bila kuelewa.

Mgeni rasmi alikuja. Alikata utepe, akapigwa picha akiwa ameigusa kingo kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima homa ya mtoto wa jirani. Akasema damu haitamwagika tena hapa. Mzee Kona alipiga makofi mpaka watu wakageuka kumtazama. Kisha magari ya wakubwa yakaondoka, na msimamizi na watu wake wakaelekea mgahawani.

"Tukirudi tunafungua," msimamizi alimwambia. "Sasa ndiyo utafute hiyo spana yako."

"Haya, mkuu. Kuleni taratibu, chakula hakikimbii."

Walipopotea tu, aliikokota mashine ya kuchomelea kutoka karakana. Akaanza na nguzo ya kwanza. Kila nati aliisemesha: "Wewe kwenu hapa. Na wewe, kwenu hapa." Pale mke wake alipotumbukia alichomelea nati, akachomelea na maungio, akarudia tena. Machozi yalimtoka, akausingizia moto.

Msimamizi alirudi akijichokonoa meno. Akaweka spana, akavuta. Akaning'inia. Akajaribu nguzo ya pili, halafu ya tatu.

"Zimegoma?" Mzee Kona aliuliza, mikono nyuma. "Labda zimechoka safari. Chukueni utepe, mkauzindue wenyewe huko mnakokwenda."

Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa polisi. Lakini msimamizi alikaa chini kwenye changarawe, uso umempauka.

"Umefanya nini, mzee wangu?"

"Nimevikaza. Kazi ambayo serikali iliwalipa ninyi."

"Unadhani tunakwenda kuzindua pengine?" Sauti ya msimamizi ilikuwa ndogo. "Zilitoka fedha za kona mbili, wakubwa wakanunua vyuma vya kona moja. Hivi tulivifungua alfajiri kule machimboni, vije vipigwe picha. Vilikuwa vinarudi sasa hivi, kabla malori hayajaanza kushuka."

Mzee Kona aligeuka. Pale alipochomelea mara mbili, rangi nyeupe ilikuwa imebabuka kwa moto. Chini yake ulijitokeza mchubuko mrefu wa njano, njano ya ndizi mbivu.

Mfukoni simu ikaanza kuita. Alikuwa binti yake.