Chokaa ya Koi

"Mjomba, hapo hapo! Usimwage!"

Ratih alichomoka barazani mbio. Mjomba wake alikuwa ameshainamisha ndoo ya chokaa juu ya bwawa la koi, samaki wake wa mashindano, fahari ya mji mzima wa Blitar.

"Si mtambo wako wenyewe wa kupimia maji umesema maji yamekuwa makali kama siki?"

"Umedanganywa!" Ratih akachomoa waya wa kipimo cha chumvi. Alikuwa amekifunga bega kwa bega na kipimo cha ukali wa maji, eti vipendeze, kumbe umeme wa kimoja unakivuruga kingine.

Namba za ukali, ambazo zikiwa ndogo ndipo maji ni makali, zikapanda: nne, tano, sita, saba. Zikatulia.

"Maji mazima, Mjomba! Hivi viwili vinataka kupima kwa zamu tu!"

"Kama shangazi zako kwenye upatu." Mjomba akaiweka ndoo chini taratibu, akakunja msuli wake hadi magotini, akaingia bwawani kucheza na samaki wake.