Ukurasa wa Kwanza

Ripoti ya visima ilikwisha, ukabaki ukurasa wa kwanza tu. Wafadhili walikuwa wameleta mwongozo mpya: mtathmini huru aandike, kwa mkono wake, kama yeye au mtu yeyote wa nyumbani mwake amewahi kutumia huduma za mradi.

Baba Munira, mtathmini mwenyewe, alishika kalamu ya wino, macho yakakimbilia kikombe cha njano juu ya kabati. Ukingo wake wa plastiki ulikuwa na alama za meno madogo. Kwa kikombe hicho Munira alikunywa maji ya kisima namba saba cha mradi, hapohapo Temeke. Kipindupindu kilimmaliza kwa siku mbili.

"Ukiandika ndiyo, watasema una donge nao," mkewe alisema. "Ripoti wataitupa, na watoto wa wenzetu watazidi kuyanywa maji yale."

"Na nikiandika hapana?"

Mkewe alikiteremsha kikombe, akakipangusa kwa upindo wa khanga, taratibu, kama kinachoweza kuumia.

Kalamu ilikwaruza karatasi mara moja.

"Umeandika nini, Baba Munira?"

Akalifunika neno kwa kiganja, wino haujakauka.