Kiti Kitupu cha Doldol

Watiri aliomba kwanza, kisha akaifungua bahasha iliyotoka Doldol. Mkasi na gundi vilikuwa tayari mezani.

Mwaka huo wa sitini na saba mchumba wake alikuwa askari huko, na ruhusa angepewa wiki ya arusi tu. Kwa hiyo walikubaliana kwa barua kwamba kila mmoja apigwe picha peke yake, naye Watiri azikate na kuziunganisha, wawe na picha ya uchumba kama watu wengine. Watiri alipigwa studio, Nyeri mjini, amesimama nyuma ya kiti kitupu. Katika picha kama hizo mwanamume ndiye huketi.

Lakini katika picha ya Doldol mchumba wake naye alikuwa amesimama nyuma ya kiti kitupu, ng'ombe wa watu wakipita kwa mbali.

Dada yake alicheka. "Ati huyu ni bwana gani? Miezi minane tu na amekusahau. Sasa ni viti vitaoana?"

Watiri aliisogeza picha dirishani. Juu ya kile kiti palitandazwa kitambaa cheupe cha mkono, pembe zote nne zimenyooshwa, na kwenye pembe moja lilionekana ua alilolishona mwenyewe. Watiri alimpa mchumba wake kitambaa hicho siku walipoagana. Doldol ni vumbi, na mchumba wake hakutaka gauni la Watiri lichafuke atakapoketi.

"Basi utakata wapi?" dada akauliza.

Watiri aliurudisha mkasi kikapuni.

"Sikati leo. Kesho narudi studio, nikapigwe nimeketi."